Shajara ya mradi: kugawana uongozi katika timu ya gari la umeme, msimu wa 2024/25

Gari lenyewe lina shajara yake. Hii ni ya timu inayolijenga: tunavyogawana uongozi ili watu wasikinai kazi katikati ya msimu. Ili msomaji alinganishe na timu yake: tuna watu 24 kwenye orodha, wa mwaka wa kwanza hadi wa nne, fani za mitambo, umeme na kompyuta. Tunatumia karakana ya chuo hapa Dar es Salaam, na vipuri vingi tunavipata Kariakoo na Gerezani. Gari ni la kiti kimoja, fremu ya chuma cha mraba cha 25 × 25 mm, mota ya kW 3, betri ya seli 16 za LiFePO4 (aina ya lithiamu) za 100 Ah, yaani ampea-saa, kipimo cha uwezo wa betri (51.2 V).

Jumamosi, 16 Novemba 2024. Kuhesabu nani anaweza nini

Msimu uliopita ulikufa mwezi Mei. Nahodha na kiongozi wa umeme waliacha kuja ndani ya wiki moja, bila ugomvi wala taarifa. Daftari la karakana linaonyesha nahodha alikaa humo saa 31 katika wiki yake ya mwisho, mbali na vipindi na mradi wake wa mwaka wa nne. Walipoondoka, viliondoka pamoja nao mipangilio ya kontrola inayoongoza mota (ilikuwa kwenye laptopu moja), ufunguo mmoja kati ya miwili, na namba ya simu ya fundi wa Gerezani aliyekereza ekseli.

Msimu huu umeanza kwa zoezi la saa tatu, watu 14, karatasi mbili za manila. Kushoto ziliandikwa kazi, kila moja kwa kitenzi: kusawazisha seli (kuzifikisha kiwango kimoja cha chaji), kupanga kontrola, kuchomelea fremu, kuagiza beringi, kuandika barua ya kuomba karakana mwisho wa wiki, kurejesha masurufu. Vyeo haviandikwi. Ukiandika "umeme", kila mwanafunzi wa umeme atanyoosha mkono. Ukiandika "kusawazisha seli", watanyoosha wawili. Kulia yakaandikwa majina ya wanaoweza kuifanya kazi hiyo peke yao, bila kumpigia mtu simu.

Zimetoka kazi 37. Zenye watu wawili au zaidi ni 12, zenye mtu mmoja tu ni 19, zisizo na mtu kabisa ni 6. Kati ya zile 19, kazi 11 zina jina la mtu yuleyule, na huyo ndiye karibu kila mmoja alikuwa akimpendekeza awe nahodha mpya. Namba tutakayoifuatilia msimu mzima ni hiyo 19.

Gharama: Sh 5,000 za manila na maka peni.

Jumamosi, 30 Novemba 2024. Vitengo sita

Timu imegawanywa: fremu, mwendo na breki, betri, umeme na kontrola, fedha na vipuri, taarifa na barua. Kila kitengo kina kiongozi mmoja. Nahodha si yule wa kazi 11, huyo amepewa kitengo cha betri tu. Viongozi wanakutana kila Jumatano kwa dakika 40. Lengo ni nahodha asizidi saa 12 za karakana kwa wiki.

Jumamosi, 11 Januari 2025. Vitengo sita vimeshindwa

Saa za nahodha hazikupungua. Zilikuwa 18 kwa wiki mwishoni mwa Novemba, sasa ni 26.

Ili kujua zinakoishia, nahodha alikubali ujumbe wake wote unaohusu mradi uhesabiwe kwa siku saba. Ulikuwa 143. Kati ya huo, 88 ulikuwa wa kuomba ruhusa: tununue bolti za M8 au za M10, tutoboe upande huu au ule, tukate waya sasa au tungoje. Karibu wote ulitoka kwa viongozi wa vitengo, watu wanaojua jibu kuliko yeye.

Tulikuwa tumegawa kazi tukaacha maamuzi palepale. Hesabu iliyotushawishi kuunda vitengo ilikuwa sahihi: watu 24 wakiwasiliana kila mmoja na mwenzake ni njia 276 (24 × 23 ÷ 2), viongozi sita ni njia 15. Lakini hesabu hiyo haisemi ni nani anayeamua, na njia zote 15 zilikuwa bado zinapitia simu moja. Timu inayoanza leo isitangaze vitengo kabla ya kuandika mipaka ya maamuzi. Wiki sita zilizopotea hapa zilipotea kwa kugeuza mpangilio huo.

Mipaka tuliyoandika sasa, ukurasa mmoja, umebandikwa ukutani:

Fedha. Kiongozi wa kitengo anaamua peke yake hadi Sh 50,000. Kati ya Sh 50,000 na Sh 300,000 wanaamua viongozi wawili, mmoja akiwa wa fedha. Zaidi ya hapo ni kikao. Kila kitengo kina masurufu ya Sh 50,000 mkononi, na risiti zinarudi ndani ya saa 48, la sivyo hakuna masurufu mapya. Kabla ya hapo fedha zote zilikuwa kwenye simu ya mtunza fedha, kwa hiyo hata msasa wa Sh 1,500 ulimsubiri atoke kipindini.

Michoro. Badiliko lisilovuka kitengo halihitaji idhini ya mtu. Badiliko linalogusa tundu la bolti la kitengo kingine, volteji, mkondo, konekta (kiunganishi cha nyaya), au linaloongeza uzito kwa zaidi ya gramu 500, linatiwa sahihi na pande zote mbili.

Muda. Ombi likikaa saa 24 bila jibu, kimya ni ndiyo. Katika betri na breki kimya ni hapana, na betri haifunguliwi na mtu mmoja hata kama ndiye kiongozi wake.

Ndani ya siku tisa za majaribio mipaka hii ilituuma. Kitengo cha betri kilinunua konekta za Anderson SB175, cha umeme kikanunua SB120. Kila kimoja kilikuwa ndani ya mamlaka yake, na hizo mbili haziingiliani. Hasara Sh 96,000. Baadhi walitaka maamuzi yarudi kwa nahodha. Tulichofanya ni kuandika karatasi ya pili, ya viungo: kila mahali ambapo kitengo kimoja kinashikana na kingine, aina ya konekta, ukubwa wa tundu, rangi ya waya, na majina mawili. Vimetoka viungo 14. Konekta zilikuwa kiungo namba 3, na kama karatasi hii ingetangulia, ununuzi ule ungehitaji sahihi mbili. Sh 96,000 ni nyingi kwetu, lakini ni nafuu kuliko kumpoteza nahodha wa pili.

Jumamosi, 8 Februari 2025. Jozi, mara tatu

Kila kitengo sasa kina kiongozi na mwenza. Imechukua majaribio matatu.

Mara ya kwanza watu walichagua wenza wao, wakachagua marafiki wa darasa moja. Wana ratiba moja, majaribio ya darasani siku moja, na kazi za kukusanya tarehe moja. Wiki moja kitengo cha mwendo kilikosa wote wawili kwa siku tano. Jozi inatakiwa itoke miaka miwili tofauti, na ikiwezekana fani mbili.

Mara ya pili jozi zilichanganywa miaka, mkubwa akawa anafanya na mdogo anashika tochi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili alihudhuria kusawazisha seli mara nne na bado hakuweza kuifanya kazi hiyo, kwa kuwa hakuwahi kushika kifaa.

Utaratibu uliokaa ni wa wiki tatu kwa kila kazi. Wiki ya kwanza anayejua anafanya, mwenza anaandika hatua kwa maneno yake mwenyewe. Wiki ya pili mwenza anafanya, anayejua amekaa upande wa pili wa meza, mikono mbali, na anasema neno pale tu penye hatari. Wiki ya tatu mwenza anafanya huku mtu wa kitengo kingine akisoma zile hatua kwa sauti. Msomaji akikwama kwenye sentensi, sentensi hiyo inaandikwa upya hapohapo. Jina la mwenza linaingia kwenye manila baada ya wiki ya tatu tu. Utaratibu huu ni wa polepole. Kusawazisha seli kulikokuwa kunachukua alasiri moja kumekula Jumamosi tatu, na kutokana na hatua hii pekee gari limechelewa takriban wiki mbili kwenye ratiba yake. Tuliandika mapema kwenye ratiba kwamba tutachelewa, ili mtu asije akafidia muda huo kwa kukesha.

Baada ya hapo kuna wiki ya kutokuwepo. Kiongozi hafiki karakana kwa siku saba na hajibu ujumbe wa mradi. Aliyeanza ni kiongozi wa betri, na siku ya pili betri haikuweza kuchajiwa. Mwenza alijua kila hatua, lakini programu ya BMS (kifaa kinachosimamia betri) ilikuwa kwenye simu ya kiongozi na nywila ilikuwa kichwani mwake. Hatukumpigia. Betri ilikaa hadi aliporudi. Kisha tukanunua simu ya mtumba ya timu kwa Sh 120,000, akaunti zote zikahamishiwa kwenye barua pepe ya timu, nywila zikaandikwa na kutiwa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la karakana, na ufunguo mwingine ukachongwa kwa ruhusa ya mwalimu mlezi. Kama tungempigia kiongozi siku ile, tungechaji betri na tusingejua lolote. Kwa hiyo anayeiga hatua hii akubali kazi isimame.

Jumamosi, 15 Machi 2025. Kufunga kwa mitihani

Kazi ilifungwa siku 28, kuanzia 15 Februari hadi jana. Miaka yote iliyotangulia "tulipunguza" kazi wakati wa mitihani, na maana yake ilikuwa kwamba wenye huruma zaidi ndio waliobaki wakifanya. Safari hii funguo zote zilikabidhiwa kwa mwalimu mlezi na kundi la WhatsApp likafungwa lisipokee ujumbe isipokuwa wa dharura. Siku tatu za kwanza watu wawili waliomba ufunguo "kumalizia kidogo tu". Mwalimu hakuwapa.

Kilichoruhusiwa ni ukaguzi wa betri, dakika 20 kila Jumamosi, watu wawili. Hapo ndipo kosa kubwa la mwezi lilipotokea. Betri iliachwa kwenye nusu ya chaji, kama inavyofaa kwa LiFePO4 inayowekwa. Wakaguzi walipima volti za seli na kuandika 3.29, kisha 3.28, 3.27, 3.25. Hakuna aliyeshtuka. BMS nayo ilionyesha bado ni asilimia 50. Leo tulipoichaji ikanywa 77 Ah, maana yake kati ya 100 zilibaki 23 tu. Kigeuzi cha kushusha umeme hadi volti 12 kiliachwa kimeunganishwa, kikawa kinavuta 40 mA mchana na usiku: kwa siku 28 ni karibu 27 Ah. BMS haikuuona mkondo huo kwa sababu ni mdogo kuliko inavyoweza kupima. Volti hazikusema kitu kwa sababu mstari wa volti za LiFePO4 karibu umelala katikati, halafu unaporomoka ghafla mwishoni. Wiki nne zaidi na seli zingekufa. Marekebisho: kigeuzi kinachomolewa kabla ya kufunga, na swichi kuu inawekewa kufuli.

Kosa la pili ni kurudi. Jumamosi nzima ya leo imeishia kutafuta spana na kukumbushana tulipoishia. Kuanzia sasa kila kitu kisichomalizika kinaning'inizwa kadi kabla ya kufungwa: kilichokwisha kufanyika, hatua inayofuata, kifaa kinachohitajika, hatari iliyopo.

Jumamosi, 12 Aprili 2025. Kupima uchovu

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11 (orodha yake ya kuainisha magonjwa), linaueleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba hufanyi lolote la maana. Maelezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya kazi ya ajira, na timu ya wanafunzi si ajira, lakini dalili ya pili na ya tatu zimetusaidia. Tulikuwa tukiitafuta ile ya kwanza peke yake.

Jaribio la kwanza, tangu Januari, lilikuwa fomu ya maswali 20 kila Ijumaa. Wiki ya kwanza walijibu 21, ya pili 11, ya tatu 4. Wengi waliojibu waliandika "niko poa", kwa sababu majibu yalikuwa yanaonekana na nahodha. Ni zile volti za Februari: namba tulivu mpaka siku mtu anapoacha kuja. Kwenye betri dawa ni kuhesabu kinachoingia na kinachotoka, basi tukafanya hivyo.

Sasa anayetoka karakana anaandika mambo matatu kwenye daftari: usingizi wa jana saa ngapi, saa za karakana wiki hii, na kama angependa kurudi kesho, ndiyo au hapana. Daftari linasomwa na mtu mmoja aliyepigiwa kura, asiye kiongozi wa kitengo chochote. Kanuni tatu zinatokana nalo.

Aliyelala chini ya saa tano hashiki grainda, mashine ya kukereza wala betri siku hiyo. Anaweza kuandika hatua au kupanga vipuri.

Aliyezidi saa 12 kwa wiki mbili mfululizo anapunguziwa kazi moja, kwa jina, na mwenza anaichukua. Hapa tulikosea mwanzoni kwa kumwambia mtu "pumzika" huku kazi ikibaki yake. Alikaa nyumbani siku mbili akiiwaza, akarudi ikiwa imelimbikizana. Ukimpumzisha mtu bila kuiondoa kazi umemkopesha usingizi kwa riba.

"Hapana" tatu mfululizo: msomaji wa daftari anakwenda kuzungumza naye, na anachosikia hakipelekwi kwenye kikao bila ridhaa. Tangu tuanze imetokea mara mbili. Mara moja sababu haikuwa saa nyingi hata kidogo. Mhusika alikuwa na saa sita tu kwa wiki, lakini mchoro wake ulibadilishwa mara tatu bila kuulizwa. Kilichomtibu ni sahihi mbili za viungo, zilizokuwa zimeanza kupuuzwa.

Karakana inafungwa saa 1 usiku. Ndani ya Ramadhani tulifunga saa 11 jioni ili wanaofunga wawahi futari, na kazi ya wiki haikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Kufunga mapema kumeleta jambo ambalo hatukulitazamia: watu watano waliokuwa wameacha kuja, wote wanaokaa mbali na chuo na kutegemea daladala, wanne kati yao wasichana, wamerudi. Kwa muda mrefu tulidhani hawana moyo wa kazi. Kumbe kazi muhimu zilikuwa zinafanyika baada ya saa 3 usiku.

Jumamosi, 24 Mei 2025. Nahodha wa kupokezana

Mwezi Aprili tulijaribu unahodha wa zamu, kila mtu wiki nne. Ndani ya timu ulikwenda vizuri. Nje ya timu ulivunjika: barua mbili za kuomba nafasi ya majaribio zilikwenda ofisi moja zikiwa na sahihi za watu wawili tofauti, zikarudishwa ili tuseme ni nani hasa anayehusika. Tulipoteza siku 19.

Tumegawanya unahodha vipande vitatu. Msemaji anasaini barua zote na hukaa mwaka mzima. Mratibu anashika ratiba na kuongoza kikao cha Jumatano, na hubadilika kila wiki nane. Mhandisi mkuu anatunza karatasi ya viungo na kuamua pande mbili zinapokataliana. Mtu mmoja hawezi kushika viwili. Saa za yule aliyekuwa nahodha sasa ni 9 kwa wiki, na za atakayefuata katika uratibu ni 11.

Jumamosi, 28 Juni 2025. Makabidhiano kabla ya kuondoka

Miaka yote makabidhiano yalifanyika Novemba, wakati wanaojua wamekwisha kuhitimu. Mwaka huu wenza wameongoza vitengo kuanzia 17 Mei, wiki sita, waliotangulia wakiwa bado chuoni na wakijibu tu wanapoulizwa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa mikono: kila kiongozi mpya avunje kitu kimoja cha kitengo chake na kukiunga tena kwa kufuata karatasi za hatua pekee. Karatasi 11 zilijaribiwa, 4 zikashindwa. Ya kitovu cha gurudumu la mbele iliandika "kaza vizuri". Mmoja alikaza bolti ya M8 hadi uzi ukakatika, Sh 18,000 kwa bolti na kutengenezea tundu upya. Sasa imeandikwa: M8 daraja la 8.8, Nm 25, uzi mkavu, kwa spana ya kupimia mkazo, kwa mpangilio wa msalaba. Ya kuchaji haikutaja volti za kusimamisha chaji (58.4 V). Mbili nyingine zilitaja vifaa kwa majina ya utani ya karakana, ambayo mgeni hawezi kuyajua.

Manila ya Novemba imerudiwa. Kazi zimekuwa 41, nne mpya zikiwa za kutunza daftari na karatasi zenyewe. Zenye watu wawili au zaidi ni 35, zenye mtu mmoja ni 5, isiyo na mtu ni 1. Gari limechelewa wiki tano, na halijakimbia zaidi ya mita 400 kwa mara moja. Katika 24 tulioanza nao, 22 wapo.

Zilizobaki na mtu mmoja: kuchomelea fremu, kupanga kontrola, kukereza ekseli, kutoa hewa kwenye breki, kuandika ripoti ya fedha ya mwaka. Isiyo na mtu ni kutengeneza chaja ikiharibika. Kuchomelea ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu wiki tatu hazitoshi. Mwenza amechoma vipande 30 vya majaribio na viungo 12 bado vina matundu ya hewa. Ataendelea baada ya mafunzo kwa vitendo, na kilo mbili za fimbo za kuchomelea zimewekwa kwenye kabati kwa jina lake.

Funguo zimekabidhiwa leo saa 10 jioni. Kigeuzi kimechomolewa.